CET-4 na CET-6: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusikiliza na kuandika Kiingereza vyuoni China

Ukurasa huu ni wa Waswahili wanaokutana na mtihani huu kwa njia moja au nyingine: wanafunzi wa udhamini wanaokaa bweni moja na watu wanaokesha na vitabu vya msamiati, walimu waliopata kazi ya Kiingereza China, na wadadisi wengine. Nimejikita kwenye kusikiliza na kuandika kwa sababu malalamiko mengi yako huko. Kwenye kusoma, wanafunzi wengi wa Kichina wanajimudu.

CET ni nini?

Ni Mtihani wa Kiingereza wa Vyuo Vikuu wa China, ulio chini ya Wizara ya Elimu. Una ngazi mbili. CET-4 ulianza 1987, na CET-6, ambao ni mgumu zaidi, ulifuata 1989. Wanafunzi wenyewe hawatumii jina la CET. Wao husema *siji* na *liuji*, yaani ngazi ya nne na ngazi ya sita. Namba hizo zilibaki kutoka mtaala wa miaka ya 1980 uliogawa Kiingereza cha chuo katika ngazi sita. Hufanyika Juni na Desemba, CET-4 asubuhi na CET-6 mchana wa siku hiyohiyo, na watahiniwa wa mwaka mmoja huzidi milioni 10. Ni vigumu kupata mtihani mwingine wa lugha wenye umati kama huo, na ukubwa huo ndio unaoeleza mambo mengi utakayosoma hapa chini, hasa kwa nini karibu kila swali ni la kuchagua jibu.

Nani anaruhusiwa kuufanya?

Wanafunzi waliosajiliwa chuoni. Zamani hata mtu wa mtaani aliweza kujiandikisha. Mlango huo ulifungwa 2007. Kujisajili kwa CET-6 kunahitaji uwe umepata angalau 425 kwenye CET-4.

Siku yenyewe inakwendaje?

Mtahiniwa wa CET-4 anatakiwa awe ameketi saa 3:00 asubuhi. Dakika 10 za mwanzo ni za taratibu: kujaza jina na namba, kubandua kibandiko chenye mistari kwenye kijitabu cha maswali na kukibandika kwenye karatasi ya majibu ya kwanza. Usikicheke kibandiko hicho. Ndicho kinachoonyesha umefanya toleo gani la mtihani, kwa sababu ndani ya chumba kimoja watu hupewa matoleo tofauti, na aliyesahau kukibandika anaweza kupoteza alama zake zote.

Saa 3:10 insha inaanza. Swali lake limechapwa nyuma ya kijitabu, na kijitabu chenyewe bado kimefungwa. Ukikifungua kabla ya ruhusa, hiyo ni kesi. Saa 3:40 kamili, hata kama sentensi yako imekatikia njiani, sauti inaanza. Dakika 25 baadaye kusikiliza kumekwisha, na wasimamizi wanakusanya karatasi ya kwanza, yenye insha na majibu ya kusikiliza. Haitarudi tena. Zinabaki dakika 40 za kusoma na 30 za tafsiri, na saa 5:20 mambo yamekwisha.

Angalia mpangilio huo vizuri. Mtu anatoka kwenye kuandika, akili ikiwa bado inatafuta namna ya kumalizia aya ya tatu, halafu anatupwa moja kwa moja kwenye taarifa ya habari ambayo haitasomwa mara mbili. Wengi wanaosema hawakusikia habari ya kwanza hawana tatizo la masikio. Walikuwa bado wanaandika insha kichwani.

Kwa nini wote wamevaa hedifoni za redio?

Kwa sababu katika vyuo vingi sauti inarushwa kwa masafa ya FM ya chuo. Kila mtu anakuja na hedifoni yake yenye redio ndani, kubwa, inayobana masikio, na mara nyingi imenunuliwa kwa mwanafunzi wa mwaka wa juu aliyekwisha kufaulu. Siku chache kabla, chuo hutangaza namba ya masafa na saa za kujaribu, na hapo utaona watu wamesimama uani wakigeuza vichwa huku na huku kama antena. Betri ndizo zinazoua watu. Mzoefu anabeba za akiba. Vyuo vingine hutumia spika za darasani, na huko ugomvi unakuwa wa nani kaketi nyuma.

Sehemu ya kusikiliza ina nini?

Ni asilimia 35 ya mtihani mzima. Kwa CET-4 kuna taarifa fupi 3 za habari zenye maswali 7, mazungumzo marefu 2 yenye maswali 8, na vifungu 3 vyenye maswali 10. Maswali ya habari na mazungumzo yana uzito wa asilimia 1 kila moja. Ya vifungu yana 2. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya alama za kusikiliza iko mwishoni, wakati mtu amechoka. CET-6 una mazungumzo 2, vifungu 2 na mihadhara 3, na mihadhara hiyo peke yake inabeba asilimia 20. Kasi ya msomaji ni takriban maneno 120 hadi 140 kwa dakika kwa CET-4, na 140 hadi 160 kwa CET-6.

Kwenye karatasi hakuna swali. Kuna majibu manne tu, A hadi D. Swali lenyewe linasomwa baada ya kifungu kwisha. Ndiyo maana wanafunzi hutumia zile sekunde ambazo msomaji anatoa maelekezo, ambayo wameshayasikia mpaka wanayajua kwa moyo, kupitisha macho kwenye majibu na kubashiri mada.

Sauti inarudiwa?

Hapana.

Wamesoma Kiingereza tangu shule ya msingi. Mbona kusikiliza kunawashinda?

Sera ya 2001 iliweka mwanzo wa Kiingereza darasa la tatu, kwa hiyo ni kweli kwamba mwanafunzi wa chuo ana miaka kumi na zaidi ya somo hilo. Lakini somo lilikuwa la macho. Neno analijua kwa sura yake kwenye karatasi, pamoja na maana yake ya Kichina. Sauti yake hajawahi kuisikia ikitamkwa haraka katikati ya sentensi. Mwonyeshe maandishi ya kile alichokisikiliza, atapiga kichwa: kumbe maneno yote anayajua!

Kuna sababu za lugha pia. Silabi ya Kichina sanifu huisha kwa irabu au kwa sauti chache za puani, basi. Kiingereza kinaweka alama muhimu za sarufi mwishoni kabisa mwa neno, kwenye *t*, *d* na *s* ndogondogo: wakati uliopita, wingi, umiliki. Sikio ambalo halikuzoea kutafuta kitu mahali hapo halikioni. Sisi tunaosema silabi zinazoishia kwa irabu tunalielewa hilo bila kuelezwa. Zaidi ya hapo, Kiingereza humeza silabi zisizo na mkazo, wakati Kichina huipa karibu kila silabi nafasi yake na toni yake. Mwanafunzi anasubiri silabi ambazo msomaji hakuzitamka.

Halafu kuna namba. Mchina hahesabu kwa hatua ya elfu na milioni. Kituo chake kikubwa ni elfu kumi, *wan*, na kinachofuata ni milioni mia, *yi*. Msomaji anaposema kwa Kiingereza watu laki moja na ishirini elfu, msikilizaji lazima aligeuze hilo liwe *wan* 12 ndipo limwingie akilini. Wakati anahamisha sifuri, sentensi mbili zimepita. Nimewaona wanafunzi hodari wa hisabati, watu wa uhandisi, wakikwama hapo hapo. Dawa yake ni mazoezi ya namba peke yake, dakika chache kila siku, wakiandika tarakimu wanazozisikia bila kupitia Kichina.

Mabadiliko ya 2016 yalisaidia?

Kuanzia Juni 2016 yaliondolewa mazungumzo mafupi ya sentensi mbili na imla, zikaingia taarifa za habari kwenye CET-4 na mihadhara kwenye CET-6. Kwa mihadhara, nasema ndiyo, ni hatua nzuri. Mazungumzo mafupi ya zamani yalikuwa na mitego inayojirudia: mwanamke akisema kitu, jibu ni kinyume chake. Watu walikuwa wanajifunza mitego badala ya Kiingereza. Mhadhara hauna ujanja huo, na unafanana na kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukutana nacho kweli akienda kusoma nje.

Kuondolewa kwa imla naona kulikuwa hasara. Imla ndiyo ilikuwa sehemu pekee iliyomlazimisha mtu asikie na aandike kwa wakati mmoja, neno kamili, na herufi zake zote. Ilikuwa inamfichua mtu anayeelewa kwa juujuu. Sasa kusikiliza kumebaki kupaka penseli kwenye visanduku, na kuandika kumebaki peke yake upande wa pili bila sauti yoyote. Najua sababu mojawapo: kusahihisha imla ya mamilioni ya watu ni kazi. Hata hivyo, walimu wengi wanaendelea kuitumia darasani, na wanafanya vema.

Insha ya CET inadai nini?

Dakika 30. Maneno 120 hadi 180 kwa CET-4, 150 hadi 200 kwa CET-6. Asilimia 15 ya alama. Mada ni za maisha ya chuo na jamii. Juni 2019, kwa mfano, watahiniwa wa CET-4 waliambiwa waandike taarifa ya habari kwa ajili ya gazeti la chuo, kuhusu shughuli kama ya kujitolea kusaidia wazee. Miaka ya karibuni mtindo unaopendwa ni kumpa mtahiniwa sentensi ya kwanza na kumtaka aendeleze.

Ni kweli wanakariri insha nzima?

Nzima, hapana, kwa sababu mada haijulikani. Wanachokariri ni kiunzi. Sentensi ya ufunguzi kuhusu maendeleo ya jamii, sentensi ya kusema jambo hili limezua mjadala mpana, halafu kwanza, pili, mwisho, kisha sentensi ya kufungia inayowaita watu wote washirikiane. Katikati panaachwa matundu ya kujaza mada ya siku hiyo. Vitabu vya viunzi hivyo vinauzwa, na mitandaoni kabla ya Juni na Desemba vinasambaa bure.

Nitakupa mfano wa jinsi kinavyoonekana. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinipa insha yake ya mazoezi kuhusu umuhimu wa kulala mapema. Aya ya kwanza ilianza na jamii kupiga hatua za haraka, sayansi na teknolojia kukua siku hadi siku. Kulala kukatokea kwenye mstari wa nne. Aya ya pili ilikuwa na sababu tatu zisizo na mtu hata mmoja ndani yake: hakuna mwanafunzi, hakuna taa ya bweni, hakuna kipindi cha saa mbili asubuhi. Sarufi haikuwa na kosa hadi mahali alipolazimika kusema jambo lake mwenyewe, na hapo kila sentensi ikavunjika. Ukisoma insha ya namna hiyo unaweza kuchora mstari kwa penseli: hapa ni kiunzi, hapa ni yeye.

Simlaumu. Ana dakika 30, ana usingizi, na anajua kwamba sehemu iliyokaririwa haitakuwa na makosa. Ninayemlaumu ni mtihani. Kusikiliza huwezi kukariri, kwa sababu hujui kitakachosemwa. Kuandika, kwa mada pana kiasi hiki na muda mfupi kiasi hiki, unaweza kukariri nusu nzima. Kwa hiyo alama ya kusikiliza inakwambia mengi kuhusu mtu, na alama ya kuandika inakwambia machache. Mtindo wa kutoa sentensi ya kwanza ulipunguza tatizo kidogo, kwa maana unachukua nafasi ya ule ufunguzi wa kukariri, ila watu wamekwisha kuhamishia kiunzi kwenye aya ya pili.

Insha inasahihishwaje?

Kwa alama 15, kwa kuitazama yote kwa jumla, si kwa kuhesabu kosa mojamoja. Msahihishaji huisoma kwenye kompyuta na kuiweka kwenye moja ya madaraja matano yenye vigezo vya alama 14, 11, 8, 5 na 2, kisha anaweza kupandisha au kushusha kidogo. Ya 14 imejibu swali, mawazo yanafuatana, makosa hayaonekani sana. Ya 8 imejibu swali kwa kiasi, lakini ina makosa mengi, mengine makubwa. Ikiwa fupi kuliko ilivyoagizwa inakatwa alama. Mwandiko hautajwi sana kwenye vigezo, lakini msahihishaji ni binadamu mwenye rundo mbele yake. Andika herufi zinazosomeka.

Tafsiri nayo ni kuandika?

Inahesabiwa pamoja. Tangu Desemba 2013 mtahiniwa hupewa aya ya Kichina, herufi 140 hadi 160 kwa CET-4 na 180 hadi 200 kwa CET-6, aigeuze iwe Kiingereza. Mada ni China yenyewe: historia, uchumi, vyakula, sikukuu, milima. Ni asilimia 15 nyingine. Mimi naiona ndiyo sehemu yenye ukweli zaidi katika kuandika, kwa sababu maana imeshatolewa na huwezi kuikimbia kwa kiunzi.

Ndiyo pia inayozalisha vichekesho. Desemba 2019 toleo moja la CET-6 lilileta aya kuhusu ua la *meihua*, linalochanua wakati wa baridi. Waliokuwa hawalijui jina lake la Kiingereza wakaandika ua la Mei, wengine wakaandika ua zuri, mitandao ikacheka usiku kucha. Matoleo mengine ya siku hiyo yalikuwa na ua la yungiyungi na la *mudan*, kwa hiyo kulikuwa na kilio cha nani kapewa ua jepesi.

Makosa gani yanajirudia kwenye maandishi yao?

Mengi ni ndugu wa makosa yetu. Kichina hakina vijineno vya «a» na «the», Kiswahili pia hakina, na wote tunavitupa au kuvimwaga popote. Kichina huanza na «ingawa» na kuweka «lakini» katikati ya sentensi ileile. Sisi nasi tunasema «ingawa alichoka, lakini alikwenda» bila kuona ubaya, halafu tunaupeleka mtindo huo kwenye Kiingereza kisichoukubali. Neno *ta* linasikika sawasawa likiwa la mwanamume au la mwanamke, kama «yeye» wetu, na matokeo ni shangazi anayeitwa «he».

Tunaachana kwenye nyakati. Kitenzi cha Kiswahili kina *li*, *na*, *ta*, *me*, kwa hiyo tunajua kwamba wakati lazima uonekane kwenye kitenzi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki. Wakati unajulikana kwa neno kama «jana» au kwa kijineno cha pembeni. Mwanafunzi anayeandika kisa cha mwaka jana atatumia wakati uliopita kwenye sentensi ya kwanza, kisha atausahau. Kingine ni mkato. Kichina huruhusu sentensi kamili zifuatane kwa mkato tu, na hilo likihamishiwa kwenye Kiingereza unapata aya yenye nukta moja.

Ni kweli 425 ndiyo kufaulu?

Kwa midomo ya watu, ndiyo. Rasmi hakuna kufaulu wala kufeli. Hadi 2005 alama zilikuwa 100 na cheti kilitolewa kuanzia 60. Baada ya mageuzi ya mwaka huo mtahiniwa hupata taarifa ya alama tu, kwa kipimo kinachofika 710: kusikiliza 249, kusoma 249, kuandika na tafsiri 212. Alama hizo zinamlinganisha mtu na kundi la kigezo ambalo wastani wake umewekwa 500 na mtawanyiko, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyosambaa kuzunguka wastani, 70. Ndiyo maana kipimo kina namba za ajabu: 710 ni mitawanyiko mitatu juu ya wastani, na 220, ambayo chini yake alama haziripotiwi, ni minne chini yake. 425 ilibaki kama mlango wa kuingilia CET-6, na waajiri wakaifanya ndiyo mstari.

Kwa vitendo, mtu anaweza kupata 425 kwa kusoma vizuri sana huku kusikiliza kwake kukiwa hoi. Ukiwa mwajiri, usitazame jumla. Tazama mstari wa kusikiliza.

Bila CET-4 mtu ananyimwa shahada?

Inategemea chuo. Wizara haikuagiza hivyo, lakini vyuo vingi kwa miaka mingi vilifunga shahada na CET-4 kwa kanuni zao vyenyewe. Vingine vimelegeza. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Xi'an Jiaotong kilitangaza kwamba alama ya CET si sharti tena la kuhitimu na kupata shahada, na mjadala ukawaka nchi nzima kama Kiingereza kinapewa uzito kupita kiasi. Waajiri, hata hivyo, hawakusubiri mjadala uishe. Matangazo mengi ya kazi bado yanaitaja CET-4 au CET-6.

Na wizi wa mtihani?

Upo, hasa wa vifaa vya kusikilizia vya kificho na watu wanaowafanyia wengine mtihani. Matoleo tofauti ndani ya chumba kimoja yaliletwa kwa ajili hiyo. Tangu Novemba 2015 kuandaa udanganyifu kwenye mitihani ya kitaifa ni kosa la jinai nchini China, na kifungo kinaweza kufika miaka 7. Mtu akikuomba umfanyie mtihani kwa sababu Kiingereza chako ni kizuri, kataa na ondoka hapo.

Kuna mtihani wa kuzungumza?

Upo tangu 1999, kando na huu wa maandishi, na kujiandikisha ni hiari. Siku hizi unafanywa kwenye kompyuta. Wanaoufanya ni wachache ukilinganisha na umati wa CET-4, na hilo linachangia kile ambacho Wachina wenyewe wanakiita Kiingereza bubu.

Wanaosoma Kiingereza kama fani wanafanya nini?

Wana mitihani yao, TEM-4 na TEM-8, inayoshikwa kutoka Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Shanghai. Huko imla bado ipo. TEM-4 husomewa kifungu kifupi mara nne: ya kwanza na ya mwisho kwa kasi ya kawaida, mbili za katikati kwa vipande, na mtahiniwa anaandika kila kitu. TEM-8 una mhadhara wa kujaza mapengo, ambapo unasikiliza ukichukua noti. Hii ndiyo mitihani ninayotamani CET ingeiga.

CET-6 ni sawa na IELTS?

Si sawa, na usikubali mtu akulinganishie kwa jedwali la mtandaoni. Tofauti kubwa iko kwenye kalamu. IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, inatoa dakika 60 kwa maandishi mawili, moja la maneno 150 na jingine 250, na kwenye kusikiliza lazima uandike majibu mengi wewe mwenyewe, herufi kwa herufi. Mtu mwenye 550 ya CET-6 anaweza kujikwaa kwenye kusikiliza kwa IELTS kwa sababu tu hajazoea kuandika anachosikia. China ilitoa viwango vyake vya uwezo wa Kiingereza 2018, ngazi tisa, ili mitihani ya aina mbalimbali ipate mahali pamoja pa kupimwa.

Mimi nafanya HSK. Kuna la kujifunza hapa?

Lipo moja kubwa. Kwenye HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ngazi ya 1 hadi 3 ya mfumo wa ngazi sita tuliouzoea, sauti inasomwa mara mbili. Ukifika ya 4 inasomwa mara moja tu. Watanzania na Wakenya wengi wanaangukia hapo hapo ambapo Wachina wanaangukia kwenye CET, na kwa sababu ileile: herufi wanazijua kwa macho. Tafuteni mwenzi mmoja wa Kichina, mbadilishane imla. Wewe unamsomea aya ya Kiingereza, yeye anakusomea ya Kichina, kila mtu anaandika, kisha mnasahihishiana.

Rafiki yangu kaniomba nimsaidie kwa CET-4, imebaki miezi miwili. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kusikiliza, na mitihani halisi ya miaka iliyopita, si vitabu vya kubuni. Asikilize kifungu mara moja na kujibu, kama siku yenyewe. Halafu, bila kuangalia majibu, asikilize tena sentensi kwa sentensi na kuandika anachosikia. Mapengo atakayoacha ndiyo ratiba yenu ya wiki ijayo: ukiona anakosa kila *s* ya mwisho, mnajua cha kufanya, ukiona anakosa namba, vilevile. Kifungu kimoja kwa siku kinatosha kama kimefanywa hivi.

Kwenye insha, mwache abaki na kiunzi chake kifupi, maana hutamshinda hofu yake kwa miezi miwili. Mdai kitu kimoja tu: kila aya iwe na sentensi mbili kuhusu jambo alilolifanya au kuliona mwenyewe, lenye mahali na mtu ndani yake. Asahihishe hizo kwanza, hasa nyakati za vitenzi. Siku ya kujaribu masafa, mwende naye mkiwa na betri mpya.